Naomba ushauri: kuchorwa msalaba wa hija Yerusalemu nikiwa masomoni Israeli

Mtokambali wa Machame

Wakubwa zangu shikamooni, na walio wa rika langu nawasalimu.

Ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya mimea nchini Israeli, katika kitivo cha kilimo kilichopo Rehovot, na kila nipatapo nafasi siku ya Ijumaa hupanda basi la asubuhi kwenda Yerusalemu, nikarudi kabla usafiri wa umma haujasimama kwa ajili ya Sabato. Nimelelewa katika KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nimeimba kwaya tangu shule ya Jumapili, na baba yangu ni mzee wa kanisa katika usharika wetu huko Machame. Nayataja haya mapema ili atakayenijibu ajue kwamba siigi wanamuziki, wala sijaichoka imani ya nyumbani.

Ndani ya Mji wa Kale, katika mtaa wa Wakristo, si mbali na Lango la Yafa, ipo familia ya Wakopti, yaani Wakristo wa asili ya Misri, iitwayo Razzouk ambayo kwa vizazi vingi kazi yake imekuwa kuwachora mahujaji alama ya kushuhudia kwamba wamefika. Wenyewe husimulia kwamba ufundi huo ulianza katika ukoo wao Misri yapata miaka 700 iliyopita, na kwamba wako Yerusalemu kwa takriban miaka 500. Nilipopita hapo na wenzangu tulionyeshwa mihuri ya mbao za mzeituni ambayo mahujaji huchagua michoro yao kutoka humo: upo wa Ufufuko, upo wa Mtakatifu Georgi akilichoma joka, upo wa Bikira Maria na Mtoto, na upo huu ulionishika mimi, Msalaba wa Yerusalemu, yaani msalaba mmoja mkubwa wenye misalaba midogo 4 katika pembe zake. Fundi huupaka muhuri wino na kuugandamiza juu ya ngozi, na akiuinua hubaki mistari ambayo sindano itaifuata. Anayetaka huandikiwa chini yake mwaka wa hija yake.

Nakusudia kuchorwa upande wa ndani wa mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kabla ya Pasaka. Linalonisumbua kwanza ni Mambo ya Walawi 19:28, ambayo nimeisikia ikisomwa tangu utoto kama neno la mwisho juu ya tatoo. Linalofuata ni baba, ambaye bado sijamwambia lolote. Kisha ningependa kusikia kwa wanaojua mambo ya afya na ya ajira, kwa sababu wenzangu wa hapa wenye tatoo ni Wazungu na Waisraeli, na ngozi zao na nchi watakazofanyia kazi si sawa na zangu.

Naomba majibu ya kweli, hata kama hayatanifurahisha.

Mzee wa Usharika

Marahaba, mwanangu. Nimetumika miaka mingi kama mwinjilisti, na vijana wamekwisha kuniletea swali hili, ingawa si kwa utulivu kama ulioutumia wewe.

Aya unayoitaja inasema: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu, mimi ndimi BWANA." Isome pamoja na zile zinazoizunguka. Aya iliyotangulia inakataza kunyoa denge na kuharibu pembe za ndevu, na ile ya 19 katika sura hiyohiyo inakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Mhubiri anayeishika aya ya 28 peke yake, huku amenyoa ndevu na amevaa suti ya pamba iliyochanganywa na nailoni, anatakiwa kutueleza ni kwa kipimo gani amechagua. Mimi naamini katazo lile lilielekezwa kwenye maombolezo ya kipagani na ibada za mataifa yaliyowazunguka Waisraeli, na kwamba haliwezi kupelekwa moja kwa moja kwa mtu anayejichora msalaba kwa kumkumbuka Kristo. Hata hivyo usivuke upande wa pili kwa haraka. Nimeona vijana wakitumia Wagalatia 6:17, pale Mtume Paulo anaposema kwamba amechukua mwilini mwake chapa zake Yesu. Chapa za Paulo zilikuwa makovu ya kupigwa fimbo na mawe, hakuzilipia wala hakuchagua mchoro wake, kwa hiyo aya hiyo iache mahali pake.

Sasa nikuambie kwa nini wazee wa kwetu hushtuka, maana ukilielewa hili utajua namna ya kuzungumza na baba yako. Katika nyumba nyingi, alama iliyoingizwa kwenye ngozi kwa kitu chenye ncha inakumbusha kitu kimoja tu, nacho ni chale za mganga: wembe, dawa nyeusi inayosuguliwa ndani ya mkato, na kinga dhidi ya wachawi. Wamisionari walizipinga chale hizo, na wazazi wetu walipobatizwa walifundishwa kwamba mwili uliookolewa hauchanjwi tena. Wako watu wa nchi yetu, kama Wamakonde, ambao alama za usoni zilikuwa fahari na utambulisho wa ukoo, lakini huko Kilimanjaro mama yako mkubwa hatawafikiria Wamakonde akiuona mkono wako. Atamfikiria mganga, kisha atamuuliza mama yako amekulea vipi.

Ushauri wangu ni kwamba jambo hili si dhambi kwa lenyewe, ila lina uzito wa 1 Wakorintho 8, kwamba uhuru wako usiwe kikwazo kwa walio dhaifu. Baba yako anakaa katika baraza la wazee linaloonya vijana wa watu wengine. Akilisikia kwako kabla, ataweza kusimama mbele ya wenzake na kusema kwamba alijua. Akiliona kwenye picha ya simu ya mtu mwingine, umemwondolea nafasi hiyo. Kama unachohitaji ni kumbukumbu ya hija, msalaba wa mbao za mzeituni unaouzwa Betlehemu unaweza kutosha, na ukaupachika ukutani kwako bila kesi na mtu.

Mpita Njia, Cairo

Nawasalimu kutoka Misri, ambako nimekuja kusoma kutoka Kenya. Nimemheshimu Mzee katika yote aliyoyasema, isipokuwa hilo la msalaba wa ukutani, kwa sababu hapa ninaona kila siku ni kwa nini watu walichagua ngozi badala ya mbao.

Mkristo wa Kikopti huwa na msalaba mdogo wa kijani au wa samawati iliyokolea upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia. Wengi huchorwa wakiwa watoto wadogo, na ukipanda kilima cha Mokattam, kwenye monasteri ya Mtakatifu Simoni ambako wanaabudu wakusanya taka wa jiji hili, utawakuta mafundi wakiifanya kazi hiyo, mtoto akilia na mama yake akimshika bega. Katika baadhi ya makanisa mlinzi wa langoni huomba kuuona mkono huo kabla ya kukuruhusu kuingia, hasa sikukuu, kwa sababu makanisa yamewahi kushambuliwa kwa mabomu. Msalaba wa ukutani unaweza kushushwa siku ya hatari, na wa shingoni unaweza kufichwa ndani ya shati. Wao walitaka ule ambao mtu hawezi kuukana hata akiogopa. Wakristo wa Ethiopia na Eritrea wana desturi iliyo jirani na hiyo, na mama wa Kitigray mwenye msalaba kwenye paji la uso si jambo geni hata Nairobi.

Kwa hiyo swali ambalo ningejiuliza kama ningekuwa wewe ni kama una haki ya kuivaa alama hiyo wakati hujalipa gharama wanayoilipa wenye nayo. Jibu langu ni kwamba ule msalaba mdogo wa kifundoni ungewaachia Wakopti, lakini Msalaba wa Yerusalemu ni jambo tofauti, kwa kuwa tangu zamani ulichorwa kwa wageni. Waarmenia, Waethiopia, Wasiria na watu wa Ulaya waliuchukua wakarudi nao makwao, na hata yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII wa Uingereza alichorwa msalaba mkononi alipozuru Yerusalemu mwaka 1862, wakati bado ni mwana wa mfalme. Hakuna atakayekuuliza Mchaga anaitafutia nini alama hiyo.

Ila umegeuza mpangilio, ndugu yangu. Kwa desturi ya mahujaji, alama hutolewa safari ikiisha, kwa sababu ndiyo shahada yake. Wakopti na Waethiopia wanaopanda Yerusalemu kwa Pasaka huenda kwanza kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, wakakesha, wakapokea mwanga wa Jumamosi Kuu, na baada ya hapo ndipo hukaa kwenye kiti cha fundi. Wewe unataka kuandikwa mwaka wa hija kabla ya kuifanya. Kukaa Rehovot na kupita Mji wa Kale Ijumaa kwa kununua mkate wa ufuta bado si hija, hata kama umepita mara nyingi. Subiri Pasaka ipite, ukaitembee Njia ya Msalaba ukiwa na nia, kisha uandike mwaka. Faida nyingine ni kwamba foleni itakuwa imepungua, na fundi hatakuwa amechoka.

Muuguzi wa Ngozi

Nimefanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya ngozi kwa muda mrefu, na nimefurahi kwamba muulizaji ametambua mwenyewe kwamba ngozi yake si sawa na ya wenzake. Nitaanza na lililo kubwa kuliko yote.

Watu wenye asili ya Kiafrika tunapata keloidi zaidi ya watu weupe. Keloidi ni kovu linalokua kupita mipaka ya jeraha lililolizaa, likawa gumu, likang'aa, likawasha, na wakati mwingine likauma. Kabla ya kumwonyesha fundi mkono wako, vua shati ujiangalie kwenye kioo: tazama masikio kama uliwahi kutobolewa, kidevu kama wembe hukuachia vinundu, na zaidi ya yote kovu la chanjo ya kifua kikuu, ambalo kwa Watanzania huwa begani upande wa kulia na kwa Wakenya huwa kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Kovu hilo ni jaribio ambalo mwili wako ulikwisha kufanyiwa ukiwa mchanga. Likiwa bapa au limebonyea kidogo, hiyo ni dalili njema, ingawa si hakikisho. Likiwa limeinuka na kutanuka, usiende kwa fundi yeyote kabla hujaonwa na mtaalamu. Uliza pia kama mama, baba au ndugu zako wana keloidi, kwa sababu jambo hili hufuata familia.

Jambo la pili ni damu. Sindano isiyo safi inaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B na C pamoja na virusi vya UKIMWI. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, hivyo kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata, na unaweza kuipata ukubwani kwa dozi 3. Dhidi ya aina ya C hakuna chanjo. Ukiwa kwenye kiti, taka kuona kwa macho yako pakiti ya sindano ikichanwa mbele yako, wino ukimiminwa katika kikombe kidogo kitakachotupwa, na glovu zikibadilishwa kila fundi akigusa simu, mlango au pesa. Muhuri wa mbao wenyewe hauingii kwenye damu, kwa kuwa unagusa ngozi ambayo haijachomwa bado, lakini ngozi isafishwe kwa dawa kabla na baada ya kugongwa. Fundi mzuri hakasiriki ukiuliza, anayekasirika umemjua.

Kuhusu mchoro wenyewe, usiukubali uwe mdogo sana. Wino husambaa kidogo chini ya ngozi kadiri miaka inavyopita, na katika Msalaba wa Yerusalemu ile misalaba 4 ya pembeni ndiyo huathirika kwanza: ikichorwa midogo kama punje za mchele, baada ya muda utabaki na msalaba mmoja na nukta 4. Chukua muhuri ambao msalaba mdogo una nafasi wazi kati ya mikono yake. Rangi iwe nyeusi, maana rangi nyepesi hupotea kwenye ngozi nyeusi, na wino mwekundu ndio unaolaumiwa zaidi kwa kuleta mzio.

Sasa ratiba, ambayo naona hakuna aliyeigusa. Tatoo mpya ni kidonda. Huoshwa kwa maji safi na sabuni isiyo kali, hupakwa mafuta kidogo sana, haikwanguliwi inapotoa magamba, na haizamishwi ndani ya maji kwa wiki 2 hadi 4. Mahujaji wengi wa kwetu hupenda kushuka Mto Yordani karibu na Yeriko na kisha kuelea katika Bahari ya Chumvi siku hiyohiyo. Maji ya Yordani ya kusini si safi, na Bahari ya Chumvi ina chumvi karibu mara 10 ya bahari ya kawaida. Ukiingia humo na mkono uliochorwa juzi utakumbuka muuguzi alikuambia. Hivyo anza na mto, malizia na sindano, jambo ambalo naona linakubaliana na alichosema ndugu wa Cairo. Vilevile, kama utafiti wako unakupeleka kwenye vitalu vya plastiki wakati wa joto, ambako kuna jasho, vumbi na dawa za kunyunyizia mimea, chagua wiki ambazo uko darasani au maktaba.

Mawili ya mwisho kwa kifupi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aliyechorwa tatoo asitoe damu kwa miezi 12, kwa hiyo kama una mgonjwa nyumbani anayetegemea damu yako, fikiri. Na usihesabu kwamba utaifuta ukibadili nia: mwanga wa leza hulenga rangi, nayo ngozi yetu yenyewe ina rangi, hivyo mtu mweusi anaweza kufutwa tatoo akabaki na baka jeupe lenye umbo lilelile la msalaba. Huduma hiyo huhitaji kurudiwa mara nyingi, na ni ghali.

Mwajiriwa, Dodoma

Mimi nitasema la ajira tu. Ukisoma matangazo ya nafasi za kazi katika Jeshi la Polisi, Uhamiaji, Magereza au Zimamoto, miongoni mwa sifa za mwombaji utakuta sharti kwamba asiwe na alama yoyote ya kuchorwa mwilini. Halisemi alama mbaya wala alama ya dini ipi, na msalaba haupati msamaha. Wakati wa usaili wa afya mtu huvuliwa nguo na kukaguliwa, kwa hiyo shati la mikono mirefu halisaidii.

Kwa mtu wa sayansi ya mimea, njia zako za kawaida ni utafiti, vyuo vikuu, wizara na mashirika binafsi, na huko sijaona sharti la namna hiyo katika matangazo ninayoyafuatilia. Itabaki hukumu ya moyoni ya anayekuhoji, ambaye anaweza kuwa mzee wa kanisa kama baba yako. Ndiyo maana mahali ulipopachagua, ndani ya mkono karibu na kifundo, napaona pabaya kuliko pote, kwa sababu ndipo panapofunuliwa kila unapomkabidhi mtu cheti au kumpa mkono. Sehemu ya juu ya mkono, chini ya mkono wa shati la kawaida, ingekupa hiari ya kuamua nani aone. Muuguzi atasahihisha kama nimekosea kuhusu keloidi.

Binti Malindi, Unguja

Asalaam alaykum kwa wanaoipokea, na salamu za heshima kwa wengine.

Muulizaji ni Mkristo, wala sikuja kumhukumu kwa sharia isiyo yake. Naandika kwa sababu najua vijana wetu wa Kiislamu walioko Uturuki, Malaysia na China wanasoma mjadala huu kimyakimya, na baadhi yao wanafikiri kwamba aya au jina la Mwenyezi Mungu likichorwa kwa hati nzuri ya Kiarabu litakuwa na hukumu nyepesi kuliko picha ya joka. Halina. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud inataja laana kwa mwenye kuchanja na mwenye kuomba kuchanjwa, na ingawa imetaja wanawake, wanazuoni wa Kisunni kwa wingi wao wameipeleka kwa wanaume pia. Tena jina tukufu likiwa mkononi utaingia nalo chooni kila siku, jambo ambalo Mwislamu hujiepusha nalo hata kwa pete. Aliyekwisha kuchorwa asikate tamaa akaacha kusali: wino uko chini ya ngozi, hauzuii maji ya udhu, na mlango wa toba haujafungwa.

Kwa muulizaji, kama unataka kuona alama itakavyokaa kabla ya kuamua, utafikiria hina. Hina ya majani hushika vizuri viganjani na nyayoni, lakini ndani ya mkono wa mtu mweusi itaonekana kwa shida. Usije ukashawishika kutumia piko nyeusi badala yake. Nyingi ya piko inayouzwa leo ni dawa ya kupaka nywele, ambayo ina kemikali yenye kuunguza ngozi, na kwetu Unguja tumewaona maharusi waliotoka malengelenge yaliyofuata maua ya piko jani kwa jani, na makovu yake hayakuondoka na fungate. Chora kwa kalamu ya wino ukae nayo wiki moja, inatosha.

Mtokambali wa Machame

Nawashukuru nyote, na nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja.

Nimempigia baba. Hakupaza sauti, jambo lililonishangaza. Aliuliza msalaba huo una maana gani, nikamweleza kwamba wengine husema ile misalaba 5 ni majeraha ya Kristo na wengine husema ni Kristo na wainjilisti wake 4, na kwamba Wafransisko wanaotunza mahali patakatifu huutumia kama nembo yao. Akanyamaza kidogo, akauliza kama wanaochora wamebatizwa. Nilipomwambia ni Wakopti akasema atazungumza na mchungaji, nisifanye lolote kabla ya Pasaka. Mpangilio wa ndugu wa Cairo nimeukubali, na wa muuguzi pia: Yordani kwanza. La ajira za majeshi halinihusu, ila mahali pa kuchora napatafakari upya.

Lakini nimefanya lile la kioo, dada muuguzi. Kovu langu la chanjo, begani kulia, limeinuka. Ni gumu, linang'aa, na nikiligusa naona limepita mahali ambapo naamini chanjo ilipigwa. Huwasha wakati wa joto, na nilikuwa nikidhani ni kawaida ya kila mtu. Dada yangu wa tumbo moja alipotoboa sikio lilitoka uvimbe wa ukubwa wa maharage, akakatwa, ukarudi. Je, kwa kuwa bega ni mbali na kifundo cha mkono, bado ningeweza kujaribu?

Muuguzi wa Ngozi

Hapana, mdogo wangu, usijaribu.

Bega, kifua, mgongo wa juu, taya na ndewe za masikio ndizo sehemu zinazoongoza kwa keloidi, na kweli upande wa ndani wa mkono karibu na kifundo hauko katika orodha hiyo. Mtu asiye na historia yoyote ningemwambia kwamba mahali hapo ni salama zaidi kuliko begani, na kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na pendekezo la ndugu wa Dodoma la kupanda juu. Lakini wewe umeeleza kovu lililovuka mipaka yake, lenye kuwasha, na dada mwenye keloidi iliyorudi baada ya kukatwa. Hayo matatu yakiwa kwa mtu mmoja, sindano inayopita maelfu ya mara juu ya mistari ya msalaba inaweza kukupa mistari iliyoinuka kama kamba, ikikuwasha kila jua likichoma katika vitalu vyako. Huenda isitokee. Ikitokea, hakuna atakayeweza kukurudishia mkono ulivyokuwa, kwa maana sindano za dawa huipunguza tu, na kuikata peke yake mara nyingi huileta kubwa zaidi, kama dada yako alivyoona.

Ukirudi likizo, fika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia ukanda wetu; ni karibu na kwenu, na dada yako mchukue pia. Waonyeshe bega, uwaulize swali hili hili, na jibu lao ndilo ulichukue, si langu la kwenye maandishi. Wakisema hapana, wale mafundi wa Yerusalemu wana mihuri iliyochongwa. Waombe wakugongee msalaba wako kwa wino kwenye karatasi ya kwanza ya Biblia yako, na mwaka chini yake. Na lile kovu la begani, wakati unasubiri likizo, usilikwaruze likiwasha.